Pete

Vimefika pamoja asubuhi, vichupa viwili,
ndani ya kila kimoja nyama ndogo kuliko punje ya mpunga,
na karatasi zenye majina:
Muhenna, miaka sabini na tisa, wa Samail.
Shinuna, miaka thelathini na moja, wa Mabela.
Nje Ghubra inaungua, nyuzi arubaini na sita;
humu ndani nimevaa sweta.

Kazi yangu ni nta na kisu.
Naizamisha nyama katika nta, naikata nyembamba
hata ukipumua inaruka,
naitia rangi, waridi kwa mwili, zambarau kwa kiini.
Halafu naweka jicho.

Ya mzee niliiona mara moja.
Saratani yake ina adabu ya zamani:
imejipanga vijumba vijumba, safu na vichochoro,
kama mtaa uliojengwa bila kibali
na watu wanaojua kujenga.
Imekaa pale miaka ikichimba kidonda
ambacho kamera haikuweza kukikosa.

Ya Shinuna sikuiona.
Nilipita juu yake mara mbili.
Utando wa juu safi, mwororo, kama wa mtu mzima wa afya.
Kisha, chini kwa chini, mojamoja,
zikaanza kunitazama:
seli zisizoshikana na yeyote,
zimevimba ute, kiini kimesukumwa pembeni
kikabanwa ukingoni kama kito.
Seli za pete, ndivyo tunavyoziita.
Pete ya muhuri, kama ile ya fedha ya Nizwa
babu aliyoivaa kidole cha mwisho
akipigia chapa barua zake.
Nilihesabu chapa mpaka nikaacha.

Faili lasema: kiungulia, miezi minane.
Zahanati ya kwanza: asidi.
Ya pili: asidi, na apunguze pilipili.
Ya tatu: mawazo tu, umejifungua juzi.
Mama mkwe: huyo ana mimba nyingine.
Nani atamshuku mtu wa miaka thelathini na moja
anayepanda ngazi mbili mbili?
Muhenna alisusa chakula siku tatu,
wanawe wanne wakampakia garini usiku ule ule.

Wapasuaji walimwogopa mzee:
sukari, presha, moyo wenye betri.
Mwenyewe alikwisha jitayarisha,
sanda iko sandukuni, imesuuzwa zamzam.
Wakamkata nusu ya tumbo.
Wiki ya sita alirudi kliniki na bakora yake,
analalamika halua anapewa kijiko kimoja.

Shinuna alikuwa na moyo mzima, figo nzima,
mwili wa kustahimili kisu chochote.
Walimfungua.
Tumbo limekakamaa kama kiriba kilichosahauliwa juani,
na zile pete zimevuka ukuta, zimetapakaa
kama ushanga uliokatika uzi.
Wakamfunga.
Dawa ya mishipani akapewa, na akaihimili vizuri.
Hilo ndilo lililonikera zaidi, daktari alivyoliandika,
kwa mwandiko wa furaha: anaihimili vizuri.
Mfungo tatu hakufika.

Ujana ni moshi, ukenda haurudi.
Tangu utotoni twaambiwa hivyo,
na hakuna anayeuliza
ndani mnaungua nini.

Vioo vyao nimevihifadhi sanduku moja,
kwa kuwa nambari zafuatana.
Mfukoni mwa koti langu mna pakiti ya vidonge vya asidi,
vimebaki viwili.
Nina miaka thelathini na tatu.

Jana nimempigia daktari wa kamera.
Akacheka. Wewe, Ghaniya? Msichana mzima kama wewe?
Nikamwambia, nifungulie nafasi tu.
Na ukiingia, usiamini kilicho laini.
Pita mara tatu.